Ncoolo Haifichwi

Siku Njeru alipoleta ncoolo nyumbani kwa kina Kajuju, pale juu ya Laare, aliibeba kama mtu aliyekabidhiwa mtoto mchanga wa watu: mikono yote miwili, shingo imekakamaa, macho chini asije akajikwaa. Alikuwa Mmbeere wa Ishiara, na kwao mwanamume haposi kwa miraa. Lakini alikuwa ameelezwa. Huku Igembe, ukimtaka binti wa mtu, unampelekea baba yake kitita cha miraa iliyochumwa kwenye miti mikongwe, kikafungwa ndani ya jani la mgomba, kikakazwa kamba na mkono unaoijua kazi hiyo. Hicho ndicho kinachoitwa ncoolo. Baba akikiacha kimefungwa, rudi kwenu kwa amani. Akikifungua, umepewa.

Mzee Salesio hakuwa na haraka. Alikiweka kitita mapajani, akakipapasa, akakinusa, akakigeuza upande wa pili kama mnunuzi asiyemwamini muuzaji. Wajomba wa Kajuju wakasogeza viti karibu. Hata kuku waliokuwa wakiparura chini ya meza walionekana kusikiliza.

"Mwari wakwa," alimwita bintiye, "mtu huyu unamjua?"

"Namjua, Baba."

"Nikifungua, sifungi tena. Nifungue?"

Kajuju alimtazama Njeru. Jasho lilikuwa likimtiririka hadi kwenye kola ya shati alilonunua Ulaya.

"Fungua."

Mzee akaikata kamba kwa meno. Angeline, mamake Kajuju, akapiga kigelegele kilichowafanya mbwa wa jirani wabweke, na Salesio akamkabidhi mkwe wake mpya kijiti cha kwanza. Njeru hakuwahi kutafuna miraa maishani mwake. Akakitia mdomoni, akauma, uso ukamkunjamana kama mtoto anayenyweshwa mwarobaini. Hapo ndipo Purity, binamu yake Kajuju, alipobonyeza simu. Picha ikatoka hivi: mzee ameshika jani la mgomba lililofunguka, kamba bado imening'inia mdomoni; Njeru amekunja uso; na Kajuju katikati yao anacheka mpaka ufizi unaonekana.

Kajuju alikuwa na picha nyingi kwenye simu yake. Hiyo ndiyo aliyoipenda.

Walikuwa wamejuana kwa ugomvi. Kajuju alikuwa na diploma ya kilimo na aliuza katika duka la dawa za mifugo pale Kianjai. Njeru, aliyekuwa nyumbani kwa likizo na wiki hiyo amemtembelea rafiki pale Kianjai, aliingia akitaka dawa fulani ya mbuzi wa babake. Kajuju akamuuliza mbuzi wanaumwa nini, Njeru akamweleza, naye Kajuju akakataa kumuuzia.

"Pesa ninazo," Njeru alisema.

"Na mbuzi unao. Ukinunua hiyo utabaki na pesa tu."

Alirudi kesho yake akidai amesahau maelezo. Akarudi tena kesho kutwa, hana hata mbuzi wa kusingizia. Baada ya hapo zikawa ni simu, miezi kwa miezi, kwa Kiswahili, kwa sababu Kimeru cha Laare na Kimbeere cha Ishiara vilikuwa vikifika mahali vinashindwa kusikilizana.

Njeru aliishi Norwe. Alikwenda huko akiwa kijana, akasoma, akafanya kazi za kila aina, akapewa uraia. Sasa aliendesha treni za mjini, zile zinazopita katikati ya barabara pamoja na magari. Walikubaliana Kajuju aombe viza ya mchumba, wakafungie ndoa huko na kuishi huko. Kajuju hakutaka kwenda kwa kukimbia kwao, na alichukia mtu akimwambia hivyo. Alitaka kwenda kwa sababu Njeru alikuwa na kazi nzuri, na kwa sababu huko nako kuna mbuzi na ng'ombe wanaougua, na yeye alikuwa na hamu ya kujua wanatibiwaje.

Kabla Njeru hajaondoka, walikwenda Embu mjini kumwona Gachoki. Gachoki aliwashughulikia watu wanaoomba viza. Ofisi yake ilikuwa ghorofani, juu ya duka la viatu, na ukutani alikuwa ametundika picha za wateja waliofanikiwa, kila mmoja ameshika pasipoti kama kombe. Alivaa suti ya samawati na alikuwa na maneno matamu kuliko chai yake.

"Siz, kaa hapo. Boss, karibu. Uchumba mna ushahidi wake?"

Kajuju akamwonyesha picha ya ncoolo. Gachoki akaitazama, akavua miwani, akaivaa tena.

"Mungu wangu! Mnataka viza au mnataka kufungwa?"

"Kwani kuna nini?"

"Siz, hii ni miraa! Unajua huko wanaiita nini? Dawa za kulevya! Wewe unawapelekea wazungu picha ya mchumba wako anatafuna dawa za kulevya, kazi yake ni kuendesha treni, na nyuma yake amekaa baba mkwe anayezigawa! Hata mimi ningewanyima viza, na mimi nawapenda."

"Ni ncoolo," Kajuju alisema. "Ndiyo posa yenyewe. Bila hiyo hakuna uchumba. Kuna mvulana na msichana tu wamesimama kwenye uwanja wa watu."

"Huko hawajui mambo ya ncoolo. Wanajua pete, maua, mwanamume amepiga goti. Njooni."

Akafungua mlango wa ndani. Chumba kidogo, taa mbili za mpiga picha, na ukuta mzima wa maua ya plastiki: mawaridi mekundu na meupe yaliyoshonwa kwenye wavu. Pembeni, juu ya kiti, kulikuwa na keki ya mbao iliyopakwa rangi.

Kajuju akacheka. Alidhani ni mzaha. Kisha akaona Njeru hacheki.

"Kaju," Njeru alisema kwa sauti ya chini, "ni picha tu."

"Yetu tunayo."

"Wewe hujui. Nilipofika uwanja wa ndege mwaka juzi walinitoa kwenye foleni, mimi peke yangu. Walimwaga begi langu lote mezani. Walifungua hata majani ya chai aliyonipa Mama, wakayanusa, watu wote wanaangalia. Kosa langu ni kwamba nimetoka Kenya. Tena sikuwa na hata kijiti. Sasa nikawape picha?"

Hofu yake ilikuwa ya kweli, na Kajuju aliiona. Hilo ndilo lililomshinda. Hakushindwa na suti ya Gachoki. Alishindwa na vile vidole vya mpenzi wake vilivyokuwa vikicheza na kifungo cha shati. Akavaa gauni la kukodi lililombana kwapani. Njeru akapiga goti mbele ya maua ya plastiki. Gachoki akapaza sauti, "Siz, shangaa! Weka mkono mdomoni! Lia kidogo!" Kajuju akaweka mkono mdomoni. Kulia hakulia.

Alipofika nyumbani babake alimuuliza Embu walifanya nini. "Karatasi tu, Baba," alijibu, akainama kuvua viatu.

Njeru akarudi kazini. Huko aliitwa na idara ya uhamiaji, akahojiwa, akaeleza kwamba alimposa Kajuju kwa pete katika hoteli mjini Embu. Baadaye ubalozi ukamwandikia Kajuju kwamba yeye atahojiwa kwa video. Gachoki akasisitiza afike ofisini kwake, intaneti ni ya nguvu na yeye mwenyewe atakuwepo kumpa moyo.

Asubuhi ya siku hiyo Salesio alimkuta bintiye akipiga viatu rangi. Naye alikuwa amevaa koti lake la kanisani.

"Wewe unakwenda wapi, Baba?"

"Embu. Nataka nimwone huyo anayeuliza habari za binti yangu."

"Ni kwenye kompyuta tu."

"Basi nitaiona kompyuta."

Hakuna aliyewahi kumzuia Salesio akishavaa koti. Walifika Embu, wakapanda ngazi, na mzee akaketi kwenye benchi karibu na mlango. Akatoa kijiti mfukoni, akaanza kutafuna taratibu. Gachoki nusura aanguke.

"Mzee wangu, tafadhali! Si leo! Si humu!"

"Kwani inapita ndani ya hiyo kompyuta?"

"Haipiti, lakini..."

"Basi wacha nitafune."

Gachoki akamkalisha Kajuju mbele ya kompyuta, akavuta kiti akakaa nyuma ya kompyuta, mahali ambapo kamera haimwoni. Mapajani alikuwa na vipande vya katoni alivyoandika kwa kalamu nene. PETE. HOTELI EMBU. NILILIA KWA FURAHA.

"Kiingereza tupu, siz," alinong'ona. "Waone umesoma."

Kioo kikawaka. Akatokea mwanamke Mkenya wa makamo, miwani mikubwa, sweta la kijivu. Akajitambulisha kuwa afisa, akaeleza mahojiano yatakavyokwenda, kisha akauliza kwa Kiingereza angependa lugha gani.

Gachoki akaonyesha kidole juu na kukitikisa.

"Kiswahili," Kajuju alisema. "Ndicho tunachopendania."

Afisa akainua macho. "Sawa. Kiswahili basi."

Maswali ya mwanzo yalikuwa mepesi. Mlikutana wapi? Akamsimulia habari za mbuzi, na afisa akatabasamu kidogo. Mamake Njeru anaitwa nani? Ciakuthii. Njeru hapendi chakula gani? Uji wa wimbi, ingawa kwao ndicho kifungua kinywa, na huwa anamdanganya mama yake kwamba ameumaliza. Nyuma ya kompyuta Gachoki akainua dole gumba. Mambo yalikuwa yakienda.

Kisha afisa akashika karatasi.

"Nina picha zenu za uchumba hapa. Mchumba wako amepiga goti mbele ya ukuta wa maua."

"Ndiyo."

"Dada, ukuta huu naujua." Aliisogeza picha karibu na kamera. "Hili waridi jeupe la chini, upande wa kushoto, limekatika kichwa. Nimeliona kwenye maombi mengine. Wachumba tofauti, hoteli tofauti kila mmoja anataja yake, waridi ni lilelile."

Kajuju aligeuza jicho bila kutaka. Kupitia mlango wa chumba cha ndani, uliokuwa umeachwa wazi, aliliona hilo waridi likiwa na shingo tupu.

"Kwa hiyo nakuuliza upya," afisa alisema, "na ukitaka kufikiri, fikiri. Uliposwa wapi, na uliposwaje?"

Gachoki alikuwa akipunga katoni kama mtu anayefukuza nyuki. HOTELI EMBU. HOTELI EMBU.

Kajuju akafikiri. Akisema pete, ameungana na Njeru, na huenda wakapita, huenda wasipite. Akisema kweli, basi amemtaja mpenzi wake kuwa mwongo mbele ya nchi yake mwenyewe, na viza inaweza kufia hapohapo pamoja na uchumba wao. Vyote viwili aliviona wazi. Kisha akasikia ukimya. Kule kwenye benchi babake alikuwa ameacha kutafuna.

Mzee hakuwa na habari za pete. Hakujua kuna picha yoyote isipokuwa ile ya Purity. Alikuwa amekaa na koti lake la kanisani, kichwa amekiinamisha kidogo, akingoja kumsikia bintiye akisimulia siku ambayo yeye alikata kamba kwa meno.

"Niliposwa nyumbani kwetu, juu ya Laare," Kajuju alisema. "Hiyo picha ya maua ni uongo. Ya kweli ninayo kwenye simu."

Katoni zikaanguka sakafuni. Kajuju akafungua simu, akainua picha mbele ya kamera. Afisa akasogea, akaitazama.

"Hiyo ni miraa."

"Ni ncoolo."

"Ni miraa, dada."

"Ni miraa iliyofungwa ikawa ncoolo. Maji ya kubatizia nayo hutoka kwenye bomba." Nyuma Salesio akakohoa, kikohozi cha mtu aliyependezwa na akataka kukificha. "Huyu ni baba yangu, amefungua. Akishafungua, nimeposwa. Huyu ni Njeru, anatafuna kijiti cha kwanza na cha mwisho katika maisha yake. Ukiutazama uso wake utaamini."

"Unajua kwamba huko anakoishi hiyo ni dawa iliyopigwa marufuku?"

"Najua. Nikifika huko sitabeba hata jani. Sheria ya watu nitaifuata nikiwa kwa watu. Lakini hukuniuliza huko. Umeniuliza niliposwaje, na mimi niliposwa hapa, kwetu, mchana, mbele ya wajomba zangu, na hapa hakuna aliyevunja sheria ya mtu."

"Baba yako anafanya kazi gani?"

"Anakuza miraa. Babake aliikuza. Ndiyo iliyonisomesha mpaka diploma. Andika."

"Mchumba wako alituambia habari nyingine."

"Aliogopa. Na mimi niliogopa, ndiyo maana nikavaa gauni la kukodi nikashangaa mbele ya plastiki. Leo uoga umeniishia. Wake siwezi kuumaliza mimi."

Afisa akavua miwani, akayapangusa macho. Aliporudi kusema sauti ilikuwa imeshuka.

"Dada, mimi ninaelewa unachosema. Kwetu pia kuna yetu. Lakini mimi kazi yangu ni kuandika. Anayesoma na kuamua ni mwingine, na huyo hajui ncoolo ni kitu gani."

"Basi andika vizuri."

Pembe moja ya mdomo wa yule mwanamke ikacheza. Akainama, akaandika muda mrefu, na hakuuliza tena kuhusu maua.

Kioo kilipozimika Gachoki alikuwa ameshika kichwa kwa mikono miwili.

"Umeniua. Umejiua, umemuua boss wa watu, na mimi umeniua. Biashara yangu! Waridi! Nani alikata hilo waridi?"

Salesio akainuka kwenye benchi, akamfikia, akachagua mfukoni kijiti kizuri chenye wekundu, akamnyooshea. "Tafuna kidogo, kijana. Utulie."

Simu ya Njeru iliwakuta chini, nje ya duka la viatu, karibu na mama aliyekuwa akichoma mahindi. Gachoki alikuwa ameshampigia.

"Kaju, umefanya nini?"

"Nimejibu swali."

"Umeniita mwongo mbele ya serikali yangu! Unajua wanaweza kuniandikia kazini? Unajua wanavyopima madereva? Unajua nimevumilia nini mpaka nikafika hapa?"

"Najua. Uliniambia habari za majani ya chai."

"Basi kwa nini?"

"Kwa sababu Baba alikuwa amekaa nyuma yangu." Akasogea mbali na moshi wa mahindi. "Njeru, uliposhika ile ncoolo, mikono ilikuwa ya nani?"

"Usinifanyie hivyo."

"Nakuuliza. Hukuuza kitu. Hukubeba kitu kwenda huko. Ulifanya kilichokupasa kwenye boma la mtu, ukakunja uso, tukacheka. Hicho ndicho unachoona aibu kukisema?"

"Siyo aibu. Ni hofu."

"Zinafanana nguo, ukiziona kwa mbali." Alisikia kengele ya treni upande wa pili, na watu wakipita wakiongea lugha ambayo alikuwa ameanza kujifunza kila jioni kwenye simu. "Sikiliza. Nikija huko, siku moja mtu ataniuliza baba yako ni nani, anafanya nini. Mimi sitatazama pembeni. Watoto wetu wakiuliza mama uliposwaje, sitawapeleka kwenye ukuta wa Gachoki. Ukiweza kuishi na mtu wa namna hiyo, nenda ukawaambie ulichofanya. Usipoweza, njoo umwambie Baba mwenyewe. Nauli ya kurudi si unayo?"

Salesio, ambaye alikuwa akijifanya kununua mahindi, akasema bila kugeuka, "Mwambie ile ilishaliwa. Sina cha kumrudishia."

Njeru alikata simu.

Hakupiga tena kwa siku nyingi. Kajuju alifungua duka Kianjai kila asubuhi, akauza mbegu na dawa za kupe, akakataa kuwauzia watu dawa wasizohitaji. Habari zilikuwa zimemtangulia sokoni. Murungi, aliyeleta ndizi kwa pikipiki, hakupita bila kupunguza mwendo.

"Kajuju! Naskia ndege imekuacha!"

"Mimi ndiye niliyeiacha. Bado nafikiria kama nitairuhusu ije tena."

"Aki wewe! Si ungewaambia tu pete?"

"Wewe ulimposa mkeo kwa pete?"

"Mimi? Kwa ncoolo ya mbaine, ile miti ya babu! Mpaka baba mkwe akaomba nyingine!"

"Basi endesha pikipiki yako."

Nyumbani, Angeline alikuwa hasemi naye vizuri. Alikoroga mboga kwa hasira, akaweka sahani kwa hasira. "Ungenyamaza, ungekufa?" aliuliza jioni moja. "Watu wanauza shamba wapate viza hiyo. Wewe unapewa mezani, unaitupa kwa kuwa hukupenda maua."

"Mama, maua hayakuwa na kosa."

"Kosa ni la mdomo wako. Umeutoa kwa baba yako." Akageuka kuuficha uso, na Kajuju akagundua kwamba mamake alikuwa akilia kwa kitu kingine kabisa. "Na hata ukiipata, nitabaki na nani wa kugombana naye hapa?"

Kajuju akasogea mekoni. Akachukua mwiko, akakoroga. Usiku alikuwa hatazami simu, kisha anaitazama. Alimpenda Njeru, na hilo halikupungua kwa sababu alikuwa na haki. Kuna wakati alitamani hata angekuwa amekosea, ili apate cha kuomba msamaha.

Njeru alipiga simu siku ya soko, duka likiwa limejaa. Kajuju akaacha wateja kwenye kaunta, akatoka nyuma kwenye magunia.

"Nilikwenda," Njeru alisema bila salamu. "Niliomba wanihoji tena. Nikawaambia ile ya Embu si kweli."

Kajuju akakaa juu ya gunia la chakula cha kuku.

"Walikuwa wameshasoma yako. Imeandikwa kurasa na kurasa, yule mama ameeleza mpaka jani la mgomba. Wakaniuliza, je, ulitafuna? Nikasema nilitafuna. Wakauliza ladha yake. Nikasema chungu."

"Halafu?"

"Wakaniuliza kama ni chungu kwa nini hukutema. Nikawaambia baba yake alikuwa akiniangalia."

Kajuju akacheka. Akacheka mpaka ufizi ukaonekana, akashika ukuta, na mteja mmoja akachungulia kuona kama yuko salama.

"Na kazini?"

"Nilimwambia mkubwa wangu kabla hajaambiwa na mtu. Akanipima, nikaonekana safi, akaniuliza kama harusini ataalikwa. Kaju, nilitetemeka, lakini nilisema. Viza sijui. Wanaweza kutunyima kwa ule uongo wa kwanza, na haki watakuwa nayo. Wakitunyima nitakuja huko, tufunge ndoa kanisani kwenu, tuombe upya kama mke na mume. Picha tutapeleka ileile."

"Ileile," Kajuju alisema. "Sasa niache, wateja wananiibia dawa."

Viza ilichelewa mpaka mvua zikaisha. Ilipokuja, Purity ndiye aliyeisoma kwanza, na mayowe yake yaliwatoa watu mashambani wakidhani kuna moto. Salesio aliuliza swali moja tu: "Wameandika ncoolo?" Alipoambiwa haikuandikwa kwenye viza, akaonekana kuona ni upungufu wao.

Kabla ya safari Kajuju alikwenda Embu kuchukua vyeti vyake kwa Gachoki. Alipanda ngazi, akasukuma mlango, na kitu cha kwanza alichokiona ni uso wake mwenyewe. Picha ya ncoolo, ile Purity aliyoirusha mtandaoni kusherehekea viza, imekuzwa, imetundikwa katikati ya ukuta wa waliofanikiwa.

"Siz! Ushindi wetu!" Gachoki alimkimbilia mikono wazi.

Mlango wa ndani ulikuwa wazi. Maua yalikuwa yameondolewa. Badala yake ukuta ulikuwa umefunikwa majani ya mgomba ya plastiki, na mbele yake walikaa kijana na msichana waliovaa nguo nzuri, wakiwa wameshikilia kitita kikubwa kilichofungwa kwa utepe wa dhahabu.

"Nyinyi watu wa wapi?" Kajuju aliwauliza.

"Wa hapa Embu," msichana alijibu kwa haya. "Runyenjes."

"Na hii ni nini?"

Msichana akamtazama Gachoki. Gachoki akatazama dari.

"Ametuambia," kijana alisema, "siku hizi ndiyo wanayotaka."

Kajuju akakichukua kitita mikononi mwao. Kilikuwa chepesi. Akakipapasa, akakinusa, akakigeuza upande wa pili kama alivyomwona babake akifanya. Kisha akauma utepe wa dhahabu kwa meno na kuukata. Zikamwagika sakafuni karatasi za magazeti zilizokunjwakunjwa.

"Gachoki, unajua anayefungua amekubali nini?"

"Siz, hii ni biashara tu..."

"Nimefungua. Umenioa? Haya, toa ng'ombe."

Msichana wa Runyenjes akaangua kicheko, na mchumba wake akamfuata, wakacheka wote wawili, wameegemeana mabegani. Kajuju akatoa simu yake.

"Hapo hapo. Msiache kucheka," akasema, akawapiga picha. Akampa msichana aitazame, aone jinsi anavyomtazama mwenzake. "Hii ni yenu. Kwenu mnaposanaje?"

"Mbuzi," msichana alisema. "Na asali. Babangu alimfanya arudi mara mbili kwa sababu mbuzi alikuwa amekonda."

"Basi nendeni mkapige picha na huyo mbuzi."

Akaitoa picha yake ukutani kwa Gachoki, akaikunja, akaitia mkobani pamoja na vyeti, akashuka ngazi. Nyuma yake alimsikia kijana akiuliza kama mbuzi ana haja ya kufungwa utepe, na msichana akimjibu kwa ukali wa mtu aliyekwishaamua kwamba hana haja hata kidogo.